Vita vya Lugalo, Mwaka 1891

Mtu asimamapo Tindiga, katika njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi, akatazama upande wa machweo ya jua, huona milima ya Usagara. Nyuma ya milima hiyo, kwa upande wa kusini, iko nchi ya Uhehe. Zamani milima hiyo haikuwa boma la kutosha, maana Wahehe waliivuka wakaja kuteka ng'ombe na watu. Jina la Mkwawa, mwana wa Munyigumba, lilitajwa Usagara kwa hofu. Yafaa neno hili likumbukwe, kwa kuwa wengi husoma habari za ushujaa wake tu, wakawasahau waliotekwa.

Wadachi walipokwisha kuitwaa pwani, walitaka njia ya misafara ipitayo Usagara iwe salama, na kila mtawala atii amri yao. Mkwawa hakutii. Basi katika mwaka 1891 Emil von Zelewski, mkuu wa jeshi lao, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alishika njia ya Uhehe. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi wengi, bunduki za mtombo na mizinga. Alipofika Uhehe akachoma tembe za watu, wala hakudhani kwamba wenye mikuki wangethubutu kumpinga.

Hapa wanafunzi na wakumbuke habari za Warumi. Mwaka wa 9 baada ya Kristo, jemadari Varus aliongoza majeshi matatu ya Rumi katika misitu ya Ujerumani. Arminius, Mjerumani aliyekuwa amewatumikia Warumi na kuzijua sana desturi zao za vita, alimvizia njiani. Safu ya Warumi ilikuwa ndefu na nyembamba, miti imewasonga kulia na kushoto, nao hawakuweza kujipanga. Wakaangamizwa, na Varus akajiua kwa upanga wake. Ni ajabu kwamba wana wa Ujerumani ile ile, ambao shuleni walifundishwa kumsifu Arminius, waliingia katika mtego wa namna moja na ule wa Varus.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, safu ya Zelewski ilikuwa ikipita Lugalo, mashariki ya Iringa. Watu walifuatana mmoja mmoja katika njia nyembamba, na mizinga imefungwa juu ya punda. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala kimya nyuma ya mawe na vichaka, wakingoja ishara. Husimuliwa kwamba Mdachi mmoja alimpiga ndege risasi, nao wakadhani ndiyo ishara yenyewe. Wakainuka kabla ya wakati wake. Lakini kosa hilo halikuwaokoa Wadachi. Punda walitimka pamoja na mizinga, wapagazi wakatupa mizigo, na askari wengi hawakupata nafasi ya kupiga bunduki zaidi ya mara moja au mbili. Kwa muda mfupi, pengine robo saa tu, kazi ilikuwa imekwisha. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na pamoja naye Wazungu wengine na sehemu kubwa ya askari. Waliosalia, wengi wao wa nyuma ya safu, walijikusanya na Luteni Tettenborn juu ya kilima, kisha wakarudi kwa njia ya Usagara.

Wahehe walitwaa bunduki zipatazo 300, lakini nao walipoteza watu wengi, na msiba ukaingia katika nyumba nyingi. Hata hivyo, mwaka 1892 walishuka wakaishambulia ngome ya Wadachi iliyokuwako Kondoa, karibu na Kilosa, wakawaua waliokuwamo.

Wadachi hawakusahau. Mwezi wa Oktoba 1894 walikuja Kalenga, mji wa Mkwawa uliozungukwa na ukuta wa mawe, wakaupiga kwa mizinga, na tarehe 30 wakauingia. Mkwawa alikuwa ametoroka. Kwa miaka karibu minne alihamahama porini, akilishwa na kufichwa na watu wake, ijapokuwa Wadachi waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alipoona adui wamemkaribia, alijipiga risasi. Wadachi wakakikata kichwa chake.

Kichwa cha Varus nacho kilikatwa. Lakini kilipelekwa Rumi kwa Kaisari Augusto, kikazikwa kwa heshima katika kaburi la jamaa. Kichwa cha Mkwawa kilingoja zaidi. Mwaka 1919, katika mapatano ya Versailles, Wajerumani walitakiwa kukirudisha, wala hawakukirudisha. Mwaka 1954 ndipo Gavana Twining alipokileta kwa Wahehe, nao wakakiweka Kalenga.