SOMO: KADI YA PICHA IKISUMBUA, TUANZIE WAPI?



Kompyuta imeingia katika nyumba nyingi za wafanyakazi, na mara nyingi imenunuliwa kuukuu kwa kubana mshahara. Kioo kikianza kuonyesha mistari na madoadoa, au kikawa cheusi, huwa tunaambiwa: "Kadi ya picha imekufa, nunua nyingine." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mashine ya kukaushia chai ikisimama, fundi hafungui mota kabla ya kutazama fyuzi na mkanda. Nasi tufanye hivyo: tuanze na yasiyo na gharama, na tubadilishe kitu kimoja tu kila mara.

Kadi ya picha ni bodi ndogo ndani ya kompyuta inayochora kila tunachokiona kwenye kioo.

1. Waya. Tukaze waya wa kioo ncha zote mbili, kisha tujaribu waya mwingine na kioo kingine. Tuhakikishe umechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye tundu la bodi kuu.

2. Wakati wa kosa. Tuwashe na kutazama maandishi ya kwanza. Mistari ikionekana kabla Windows haijaanza, kosa si la Windows wala la programu zake. Ikianza baadaye, tuweke upya draiva, yaani programu inayoendesha kadi. Hutolewa bure na mtengenezaji.

3. Joto. Picha ikiharibika baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, tushuku vumbi au feni. Tuzime, tuchomoe umeme, tuguse chuma cha kasha, kisha tusafishe kwa brashi laini huku tumeishika feni isizunguke.

4. Umeme. Tundu inamokaa kadi hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji plagi ya ziada: ya pini 6 huongeza hadi wati 75, ya pini 8 hadi wati 150. Plagi ikilegea au pawa saplai ikiwa dhaifu, kompyuta huzimika kazi inapozidi. Pawa saplai yenyewe tusiifungue. Huhifadhi umeme hatari hata ikichomolewa.

5. Kubadilishana. Tuijaribu kadi katika kompyuta ya mwenzetu. Kosa likiifuata, kadi ni mbovu. Likibaki nyumbani, kadi haina hatia.

Wako wanaoshauri kuoka kadi mbovu katika jiko. Huenda ikafufuka kwa siku chache, lakini ugonjwa hurudi, na moshi wake haufai penye chakula cha watoto.

Tena, kosa si la mwenye kompyuta siku zote. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu zake, hasa za kompyuta za mkononi, zilizoharibika kwa udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuziunda. Basi tutunze risiti, na kabla ya kufungua chochote tuulize kama dhamana bado ipo. Hiyo ni haki yetu, si hisani ya muuzaji.

Maswali ya kujadili tawini

1. Picha ni safi, lakini kompyuta huzimika kila mchezo unapoanza. Tutazame nini?
2. Kwa nini tusibadilishe waya na draiva kwa wakati mmoja?