Dondoo muhimu: Insha za wasifu na masimulizi chuoni

Chagua mahali unapopajua kwa miguu yako. Mwanachuo wa ualimu Kitangali akiandika "Newala ina mandhari ya kuvutia", msomaji hajaona kitu. Amsimamishe Shimo la Mungu, pale uwanda wa juu wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kulala chini, Msumbiji ikiwa ng'ambo. Kisha atumie pua: mabibo yanayochacha chini ya mikorosho, vumbi la salfa msimu wa kupulizia. Macho hushiba upesi. Harufu ndiyo inayomfikisha msomaji.

Wasifu ufuate mwelekeo mmoja. Ukieleza Masasi, anza na milima ya mawe inayoonekana kwa mbali, shuka taratibu hadi stendi. Usirukeruke.

Masimulizi, nayo, yanataka tatizo. "Tulivuna, tukauza" ni taarifa tu. Lakini mkulima aliyepeleka korosho kwenye chama cha ushirika (AMCOS), mnada ukapita, naye bado anangoja malipo huku ada ya mwanawe ikidaiwa, huyo ana kisa: kuna anachokitaka na kuna kinachomzuia. Ingia karibu kabisa na tatizo hilo. Historia ya ukoo isubiri. Mazungumzo yawe mafupi, na bibi wa Newala aongee kama bibi wa Newala, si kama mtangazaji wa redio.

Punguza vivumishi bila huruma.

Kabla ya kukabidhi, msomee mwenzako kwa sauti. Aya itakayomfanya aangalie simu, ikate.