Andika Una Presha

Mdogo wangu, umeniuliza: kama unameza dawa za presha kila asubuhi na ukipimwa uko sawa, kwenye fomu ya bima ya afya ujibu "Hapana"? Jibu "Ndiyo". Uko sawa kwa sababu ya hizo dawa. Fomu haikuulizi unajisikiaje leo. Inauliza kama daktari amewahi kukuambia una presha, kisukari, pumu, uvimbe na kadhalika, hata kama ni zamani na ulishapona.

Najua unachohofia. Unadhani ukisema ukweli watakufungia mlango. Kampuni nyingi hapa Kenya hazimkatai mtu kwa presha tu. Watakuongezea malipo, au watakuwekea kiwango cha pesa za magonjwa sugu, au watakwambia usubiri, mara nyingi mwaka mzima, ndipo waanze kulipia ugonjwa huo. Inauma, lakini unajua unachonunua. Ukificha, pesa zako watazipokea vizuri tu, kwa maana hawachimbi sana siku ya kujiunga. Huchimba siku bili inapokuwa kubwa. Umelazwa, figo zimeanza kusumbua, hospitali imeomba idhini ya malipo, na daktari, bila nia mbaya yoyote, ameandika kwenye ripoti: "Mgonjwa ana presha tangu 2019." Mstari huo unatosha. Watailinganisha ripoti na fomu yako, watakataa kulipa, wanaweza hata kuvunja mkataba, na ndugu zako waanze kuchangisha pesa kwenye WhatsApp.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoponzwa. Wakala ana haraka na kamisheni yake inategemea fomu ipite. Anakuuliza juujuu, anatia alama "Hapana" kuanzia juu hadi chini, kisha anakusogezea kalamu: "Weka sahihi hapa tu, madam." Usiweke! Juu ya nafasi ya sahihi pana tamko kwamba majibu yote ni ya kweli na umeyatoa wewe. Dai likikataliwa, sahihi ni yako, si yake. Chukua fomu uende nayo nyumbani. Toa kadi za kliniki, vyeti vya dawa na ripoti za skani, uandike mwaka ugonjwa ulipogunduliwa, jina la dawa na hospitali. Tarehe usiyoikumbuka usiibuni. Andika "takriban 2021", au ukaombe rekodi zako hospitalini. Swali usilolielewa, iulize kampuni kwa baruapepe ili jibu libaki kwenye maandishi.

Kuna mambo hutaki wakala ayaone: VVU, mimba iliyoharibika, matibabu ya sonona. Nakuelewa kabisa. Omba sehemu hiyo uijaze peke yako na uipeleke mwenyewe kwa kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na kampuni inawajibika kuzilinda.

SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii ya serikali, ni habari nyingine. Haikubagui kwa ugonjwa uliokuwa nao. Kwa asiye na mshahara, huuliza kuhusu nyumba, maji, unachopikia na mengine kama hayo ili ikadirie mapato yako, nawe ulipe asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hapo pia jibu kilichopo.

Na wewe uliyekwisha kujaza "Hapana" mahali pa "Ndiyo", iandikie kampuni wiki hii ungali mzima. Huenda wakaongeza malipo, huenda wakakusubirisha, lakini afadhali mlimalize hilo sasa kuliko ukiwa wodini. Kabla hujakabidhi fomu yoyote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Ukisema kila kitu na bado wakakataa kukulipia, peleka malalamiko kwa IRA, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ukiwa na picha hizo.