SOMO: KIDOLE CHA KOMPYUTA NA AKIBA YA KIKUNDI



Vikundi vingine vinaweka hesabu za akiba kwenye kompyuta, na wako vijana wetu wanaoandika programu kwa lugha ya C. Ni jambo jema. Lakini kosa dogo laweza kufuta akiba ya mtu. Hebu tuone.

Mwekahazina akifungua daftari huweka kidole kwenye mstari. Kompyuta nayo ina kidole chake ndani ya faili. Ikisoma, kidole husonga mbele. Ikiandika, huandika pale kidole kilipo, juu ya yale yaliyokuwapo.

Kuhamisha kidole

Tuseme kila mwanachama amepewa nafasi ya baiti 64. Wa kwanza anaanzia baiti 0. Kumfikia wa 7, ruka watu 6: 6 mara 64 ni 384. Basi andika:

fseek(faili, 384L, SEEK_SET);

SEEK_SET ni kuhesabu kutoka mwanzo wa faili, SEEK_CUR ni kutoka pale kidole kilipo, SEEK_END ni kutoka mwisho. Kujua kidole kiko wapi, uliza kwa ftell. Kazi ikifaulu, fseek hurudisha 0. Ikirudisha namba nyingine, usiandike kitu!

Hatari iko hapa

Mama namba 7 ameleta shilingi 200. Programu inasoma nafasi yake na kujumlisha. Je, kidole kiko wapi sasa? Kimeshasonga hadi baiti 448, yaani kwa namba 8! Ukiandika hapo, akiba ya namba 8 imepotea, na ya mama haijaongezeka. Lazima kwanza urudi 384 kwa fseek, ndipo uandike.

Tena, unapofungua faili kwa fopen, tumia "r+b". Ukitumia "wb", faili lote linafutwa. Ukitumia "ab", kila unachoandika kinakwenda mwisho, hata ukihamisha kidole.

Kwa hivyo msitupe daftari. Katika kila mkutano linganisheni daftari na kompyuta, jina kwa jina, kila mtu akisikia.

Maswali ya kujadili

1. Mwanachama wa 12 anaanzia baiti ya ngapi? (Jibu: 11 mara 64, yaani 704.)
2. Katika kikundi chetu, ni nani anayekagua kazi ya mwenye kompyuta?