Mwili Mwembamba, Jezi Pana: Pima Vizuri Kabla ya Kubonyeza PIN

Je, umewahi kuagiza nguo, ukalipa kwa simu, halafu ilipofika ukaivaa na kujiona kama uko ndani ya hema? Kama wewe ni mwembamba na unapenda baiskeli, tuna hakika unajua tunachosema.

Mmoja wetu kwenye timu anajua vizuri. Yeye ni kijana wa Keroka, mrefu, kilo 57 akiwa ameshiba. Kila Jumamosi huendesha baiskeli kutoka Keroka hadi Kisii mjini na kurudi. Aliagiza jezi na kaptura ya baiskeli kutoka kwa muuzaji aliyempata mtandaoni. Akachagua M kwa sababu fulana zake zote ni M. Akatuma shilingi 4,500 kwa namba ya mtu binafsi, na siku mbili baadaye mzigo ukaletwa na matatu.

Jezi ilipepea kama bendera. Pedi ya kaptura ilikuwa inahama kila akikanyaga, akarudi nyumbani na michubuko mapajani. Mbaya zaidi, mfuko wa nyuma uliokuwa umelegea ulitema simu yake kwenye mteremko mmoja kati ya Keroka na Keumbu. Simu ile ndiyo iliyokuwa na laini ya pesa. Aliipata kando ya barabara kioo kikiwa kimepasuka, akashukuru Mungu kwamba haikuokotwa na mtu mwingine. Alipomwandikia muuzaji, jibu lilikuwa fupi: "Size uliichagua mwenyewe, boss." Baada ya hapo, kimya.

Kwa hivyo somo letu la leo lina sehemu mbili zinazoenda pamoja: jinsi ya kupata nguo ya baiskeli inayokukaa, na jinsi ya kuilipia bila kuchomeka.

Kwa nini nguo pana ni shida kwenye baiskeli?

Kwenye fulana ya kawaida, upana ni mtindo tu. Kwenye baiskeli ni gharama. Ukiteremka kwa kasi, kitambaa kilicholegea hukamata upepo na kukurudisha nyuma. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Keroka au Nyamira utakuta milima tu. Unapanda ukitoka jasho, kisha unateremka upepo ukiingia shingoni na kifuani. Mtu mwembamba hupoa haraka, na mvua ya alasiri ya huku kwetu haipigi hodi.

Kuna pia usalama. Suruali pana inaweza kuingia kwenye cheni na kukuangusha. Hii haihusu wanaovaa jezi za mbio peke yao. Inamhusu hata anayepeleka maziwa au ndizi sokoni kwa baiskeli. Kama huna nguo ya kubana, funga mguu wa kulia wa suruali, upande wa cheni, kwa kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Haigharimu chochote.

Wala usione haya kwa wembamba wako. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne (2013, 2015, 2016 na 2017) akiwa mwembamba wa mikono na miguu mirefu. Milimani, mwili mwepesi ni mtaji. Kinachobaki ni kuuvisha vizuri.

Hatua ya 1: Jipime mwenyewe

Usiende kwa herufi. S, M na L hazina maana moja kila mahali. M ya Marekani mara nyingi ni pana kuliko M ya China, na nguo za mbio kutoka Italia mara nyingi hubana. Inchi hazibadiliki. Azima tepu ya fundi, umwombe mtu akusaidie, kisha andika namba hizi kwenye simu:

- Kifua: zungusha tepu chini ya makwapa, sehemu pana zaidi.
- Kiuno: juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani.
- Nyonga: sehemu pana zaidi ya makalio.
- Paja: katikati, mahali kaptura itakapoishia.
- Urefu wako: simama bila viatu, mgongo ukutani.

Majedwali mengi ya wauzaji hutumia sentimita. Zidisha inchi zako kwa 2.54. Kifua cha inchi 34 ni kama sentimita 86, na kiuno cha inchi 28 ni kama sentimita 71.

Kama wewe ni mwembamba na pia mrefu, kumbuka hivi: jezi ichague kwa kifua, lakini kaptura yenye mikanda ya mabegani ichague ukiangalia pia urefu. Mikanda mifupi itakuvuta mabega mpaka ushindwe kunyooka. Kaptura ya aina hii huwafaa sana wembamba, maana haining'inii kwenye lastiki ya kiuno.

Hatua ya 2: Muulize muuzaji vipimo vya nguo yenyewe

Mwambie ailaze nguo mezani bila kuivuta, aipime, na akutumie picha tepu ikionekana. Unaweza kunakili ujumbe huu:

"Habari boss. Naomba kipimo cha hii jezi ikiwa imelazwa: kwapa hadi kwapa, na urefu wa mgongo. Kwa kaptura naomba upana wa mguu pale chini. Pia, isiponitosha naweza kubadilisha ndani ya siku ngapi, na nauli ya kurudisha analipa nani?"

Akikupa kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Jezi ya kitambaa kinachovutika inafaa iwe sawa na kifua chako au pungufu kwa inchi mbili hivi. Mfano: kifua chako ni inchi 34, jezi ina inchi 16 kwapa hadi kwapa, jumla 32. Hiyo iko sawa. Ikiwa na 19, jumla 38, wacha hiyo. Utakuwa unalipia upepo.

Muuzaji wa kweli hatakasirikia maswali haya. Akianza kukuharakisha, "lipa sasa wateja ni wengi," hapo umeshapata jibu lako.

Hatua ya 3: Kama unanunua mitumba, beba tepu

Pale Daraja Mbili, au siku ya soko Keroka na Nyamira, jezi za baiskeli hutokea kwenye marobota mara kwa mara, na bei ni poa ukijua kuongea. Angalia mambo manne:

1. Mabega kwanza. Mshono wa bega ukae kwenye mfupa wa bega lako. Upana wa ubavuni fundi atapunguza. Mabega ni kazi ngumu na mara nyingi huharibika.
2. Vuta kitambaa ukielekeza kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe zimechomoza, au kimekuwa kama chandarua, mpira umekufa. Hakitabana tena.
3. Jaribu zipu na mifuko ya nyuma. Weka simu yako ndani, inama, rukaruka kidogo. Mfuko ukilegea, rudisha.
4. Usidharau nguo za vijana. Jezi ya umri wa miaka 14 hadi 16 inaweza kumkaa mtu mzima mwembamba kuliko S ya wakubwa.

Kaptura ya mtumba ambayo pedi yake imekuwa bapa au ngumu, iache hapo hapo. Hata ikiwa ya shilingi hamsini, utailipa kwa ngozi yako.

Hatua ya 4: Ijaribu ukiwa umeinama

Watu wengi hukosea hapa. Wanasimama wima mbele ya kioo, wanaona jezi ni fupi mbele na inabana kifua, wanaenda kuchukua kubwa zaidi. Nguo ya baiskeli imekatwa kwa mtu aliyeinama. Shika meza au usukani kama uko njiani, kisha jikague:

- Mbele pasiwe na mikunjo mikubwa tumboni, na mgongo ufunikwe mpaka kiunoni.
- Shingoni paingie kidole kimoja au viwili, pasiingie ngumi.
- Lastiki ya paja ishike bila kukata. Ukiweza kuinua kitambaa kingi kwa vidole, ni pana.
- Pedi iguse mwili wakati wote. Kaptura hii huvaliwa bila chupi, maana mishono ya chupi ndiyo huchubua.

Ukimaliza, ongeza kizibao chepesi kisichopitisha upepo. Kikunje, kiweke mfuko wa nyuma, ukivae kabla ya mteremko.

Na kama tayari umeshanunua kubwa?

Usikate tamaa. Kijana wetu alipeleka jezi yake kwa fundi cherehani mjini Kisii, akalipa shilingi 400, na leo inamkaa vizuri. Lakini mweleze fundi mambo haya kabla hajashika mkasi:

- Apunguze kwenye mishono ya ubavuni, kutoka kwapa kushuka chini, pande zote mbili kwa kiasi sawa. Mifuko ya nyuma isiguswe.
- Atumie mshono wa zigizaga au ovaloki. Mshono ulionyooka hukatika kitambaa kikivutika, na cherehani nyingi za miguu hushona huo tu. Uliza kwanza.
- Atumie sindano ya vitambaa vinavyovutika, la sivyo itatoboa matundu.
- Kwenye kaptura, asiguse mshono wa katikati ulioshika pedi.
- Abane kwa pini kwanza, uvae, uiname, ndipo ashone.

Kaptura yake haikuokoka. Pedi ilikuwa kubwa kuliko mwili, na hapo fundi hana dawa.

Sasa tuongee pesa

Hapa ndipo sisi tunaingia. Nguo isiyokukaa ni hasara; nguo isiyokukaa iliyolipwa vibaya ni hasara mara mbili.

Lipa kwa namba ya biashara. Namba ya till, paybill, au hata Pochi la Biashara kwa muuzaji mdogo wa mtumba ni bora kuliko namba ya mtu usiyemjua. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea kwenye simu. Duka linaitwa hivi na jina limekuja tofauti? Simama, uliza.

Omba kulipa ukipokea. Ikishindikana, toa arubuni ndogo na ubakize kiasi kikubwa mpaka mzigo ufike mkononi na upimwe.

Makubaliano yaandikwe. "Isipotosha narudisha ndani ya siku tatu" ikiwa kwenye ujumbe ni ushahidi. Ikiwa ya mdomo, ni hadithi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Ukiuliza vipimo, hujasumbua mtu. Hiyo ni haki yako.

Usifute ujumbe wa malipo. Ile kodi ya muamala ndiyo risiti yako.

Elewa kurudishiwa pesa ni nini. Ukituma kwa namba isiyo sahihi kupitia M-Pesa, peleka ujumbe huo wa malipo kwa 456 mara moja. Lakini huduma hiyo ni ya kurekebisha makosa ya kutuma. Ukimlipa muuzaji uliyemkusudia na jezi ikawa pana, hilo halihesabiki kama kosa la kutuma. Ni mazungumzo kati yako na yeye. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo na makubaliano vije kabla ya PIN.

Linda laini ukiwa barabarani. Weka nywila kwenye simu na PIN kwenye laini yenyewe. Simu ikianguka usiipate, azima simu ya mtu hapo hapo, upigie mtandao wako laini ifungwe. Na mtu akikupigia akisema ni sisi anataka PIN yako, kata. Hatutawahi kuiuliza.

Kazi yako ya wiki hii

Kabla ya Jumamosi, tafuta tepu, jipime zile sehemu tano, uziandike kwenye simu. Itakuchukua dakika kumi. Siku ukiona jezi nzuri, iwe Daraja Mbili au mtandaoni, hutabahatisha. Utalinganisha namba na namba, utajua kama ni yako, na ndipo utalipa.

Kijana wetu sasa ana kaptura mpya. Safari hii aliomba picha ya tepu, akalipa kwa till, na mzigo ulipofika aliujaribu stejini kabla ya kumalizia salio, akiwa ameinama ameshika kiti cha matatu. Watu walicheka. Lakini aliondoka na kitu kinachomkaa.

Tukutane barabarani.