Fimbo, chupa na kamba: kupima mwinamo wa shamba

Ndugu walimaji wa koperative za Butembo na Beni,

Wengi wetu tunalima ku kilima. Mvua kali ikinyesha, udongo mzuri wa juu unashuka mtoni pamoja na mbolea na mbegu. Tunajua dawa yake: mistari ya majani kama setaria, inayokata shamba kwa upana. Lakini kati ya mstari na mstari tuache mita ngapi? Jicho linadanganya. Tupime.

Vitu vya lazima: fimbo iliyonyooka ya mita 2, chupa nusu ya maji iliyofungwa ku fimbo, na mita ya fundi.

Namna ya kupima

1. Weka ncha moja ya fimbo chini, upande wa juu wa kilima.
2. Inua ncha ingine mpaka maji ya chupa yalale sawasawa.
3. Toka ku ncha hiyo, pima kwenda chini wima mpaka udongo.
4. Rudia pahali 5, kisha tafuta wastani.

Sasa tuko na pembetatu yenye pembe mraba: fimbo ni upande wa kulala, kipimo chako ni upande wa wima, na kilima ndio upande mrefu. Gawanya wima kwa kulala. Jibu linaitwa tanjenti ya pembe. Mfano: sm 50 ÷ sm 200 = 0,25, ni kusema mwinamo wa 25%.

| Wima | Mwinamo | Pembe |
|---|---|---|
| sm 20 | 10% | digrii 6 hivi |
| sm 50 | 25% | digrii 14 |
| sm 100 | 50% | digrii 27 hivi |
| sm 200 | 100% | digrii 45 |

Angalieni: 100% si ukuta uliosimama, ni digrii 45 tu.

Nafasi ya mistari

Tuchukue kwamba toka mstari mmoja mpaka wa chini yake, kilima kishuke mita 1,5. Kwa mwinamo wa 25%: 1,5 ÷ 0,25 = mita 6 za kulala. Lakini kamba yetu inalala juu ya kilima, haiko hewani. Kwa hiyo: 6 × 6 = 36; 1,5 × 1,5 = 2,25; jumla 38,25. Kipeuo chake ni mita 6,18. Kata kamba ya mita 6 na sm 18.

Kilima kikiwa kikali zaidi, mistari inakaribiana. Ukiiachanisha sana, maji yanapata mbio na kubeba udongo.

Kila mstari ufuate usawa. Tumieni fimbo ileile: ncha zote mbili ziguse udongo na maji yalale sawa, kisha pigeni kijiti. Mstari ukishuka kidogo tu, unakuwa mfereji, na mfereji unazaa korongo.

Zoezi la kikundi: wima ni sm 60. Mwinamo ni ngapi, na kamba ni ya mita ngapi?

*Jibu: 30%, kulala mita 5, kamba mita 5 na sm 22.*

Fanyeni kazi hii mbele ya mvua. Udongo ukishafika mtoni, haurudi.