Hidrojeni katika Injini ya Dizeli

Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali. Dizeli inyunyiziwapo humo huwaka yenyewe. Gesi iliyochanganywa na hewa hiyo, iwe hidrojeni au methani, huwashwa na mwako wa dizeli. Kwa hiyo yawezekana kupunguza dizeli na kuweka gesi mahali pake. Lakini gesi hiyo itoke wapi?

Viko vifaa viuzwavyo ambavyo hutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa umeme wa jenereta ya gari lenyewe. Dereva wa lori apandaye kutoka Moshi kwenda Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, angefurahi kupata mafuta kutokana na maji. Hata hivyo maji si mafuta. Ni hidrojeni iliyokwisha kuungua.

Hesabu ifuatayo ni ya makadirio. Katika vipimo 100 vya nishati ya dizeli, injini hugeuza 35 kuwa kazi, na vinavyobaki hupotea kama joto. Kazi hiyo ikiendesha jenereta hutoa umeme wa vipimo 21. Umeme huo, kwa njia ya elektrolisisi, hutoa hidrojeni yenye vipimo 14. Hidrojeni hiyo ikiungua katika injini ile ile huzaa kazi ya vipimo 5 tu. Zimetolewa 35, zimerudi 5.

Hali ni tofauti gesi itokapo nje ya injini. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) cha Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kilieneza mitambo ya gesi ya samadi miongoni mwa wafugaji. Gesi hiyo, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, aghalabu ni ya kupikia na kuwashia taa. Ikiingizwa katika njia ya hewa ya injini ya dizeli, kama ile ya mashine ya kusaga, yaweza kuokoa hadi asilimia 80 ya dizeli. Dizeli inayobaki ni ya kuwashia. Hapo nishati imetoka katika majani aliyokula ng'ombe, na majani yameipata kutoka jua.

Zoezi: Ikiwa jenereta na elektrolisisi hazipotezi nishati yoyote, je, itarudi kazi ya vipimo vingapi? Gari litakuwa limepata faida?